Aliyeimba "Ndio Mzee" alipoomba kura

Mwaka 2001 Joseph Haule, yaani Professor Jay, alitoa "Ndio Mzee" kwenye albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu. Wimbo mzima ni mkutano wa kampeni. Mgombea anaahidi mabomba yatakayotoa maji na maziwa, anaahidi wanafunzi wa sayansi watafanyia mazoezi yao mwezini, na kila akituliza pumzi umati unaitikia: ndio mzee! Miaka 14 baadaye mtu yule yule akapanda jukwaani Mikumi, safari hii bila kuigiza. Akaomba ubunge kwa tiketi ya chama cha upinzani, CHADEMA, akaupata.

Tangu hapo amebebeshwa swali ambalo kila msanii wa nyimbo za harakati hulipata mapema au baadaye: wewe uliyewasema wenzako, wewe mwenyewe ukoje? Vijiweni jibu huwa la haraka. Akinunua gari, kauza mechi. Akipigwa picha na waziri, kalamba asali. Akinyamaza mwaka mmoja, kapewa bahasha.

Kuna jambo huwa linanishangaza katika hukumu hizi. Marehemu Kapteni John Komba aliisifu CCM kwa sauti nzito miaka nenda rudi akiwa na bendi ya TOT, na akawa mbunge kwa tiketi ya chama hicho hicho. Sikumbuki mtu akimbana kwamba maisha yake hayafanani na nyimbo zake. Msifu watawala hadaiwi kitu, kwa sababu wimbo wake haukumdai mtu kitu. Anayekosoa ndiye tunamkagua mpaka jikoni. Kwa hiyo tukisema "msanii aishi anachoimba", tujue kwamba kodi hiyo inamwangukia mmoja tu kati ya wawili, na huyo ndiye ambaye tayari wimbo wake unaweza kufungiwa.

Na wenye mamlaka wanalijua hilo. Njia rahisi ya kuukwepa wimbo unaosema hospitali hazina dawa ni kuuliza mwimbaji analipa kodi wapi na ana watoto wangapi wa nje. Mjadala ukishahamia chumbani kwake, dawa hakuna anayezitaja tena. Hii ndiyo hoja nzito zaidi ya wanaomtetea msanii, na mimi naikubali karibu yote.

Karibu yote, kwa sababu upande wa pili nao una hoja. Wimbo wa mapenzi unauza hisia. Wimbo wa harakati unauza kuaminika. Kijana anayeuimba kwenye maandamano, au anayeurusha kwenye simu yake akijua fika anaweza kuitwa kituoni, ameingia hatarini kwa maneno ya mtu mwingine. Mtu huyo ana haki ya kujua kama aliyeyaandika aliyaamini au alikuwa anasaka tamasha. Pale Kenya, Jaguar alipata jina kubwa mwaka 2011 kwa "Kigeugeu", wimbo wa kuwasuta watu wanaosema hivi leo na vile kesho, wanasiasa wakiwemo. Mwaka 2017 akawa mbunge wa Starehe kwa tiketi ya Jubilee. Juni 2019 ikasambaa video yake akiwatishia wafanyabiashara wa kigeni jijini Nairobi, Watanzania na Waganda tukiwa ndani ya orodha, kwamba wasipoondolewa ndani ya saa 24 watatolewa madukani na kupigwa. Alikamatwa, na serikali ya Kenya ikajitenga na maneno yake.

Je, "Kigeugeu" ilikufa siku hiyo? Haikufa, na hapo ndipo wanaodai usafi wa msanii huteleza. Wimbo ulibaki na makali yale yale, ila sasa ulikuwa na mtu mmoja zaidi wa kumpiga. Mkenya aliyetaka kumsema mbunge huyo hakuhitaji kutunga matusi mapya, mwenyewe alishamwachia fimbo tangu 2011. Mtunzi akianguka, mashairi si lazima yaanguke naye.

Mfano mgumu kuliko huo uko Nigeria. Fela Kuti hakuimba dhidi ya wanajeshi akiwa amejificha. Baada ya "Zombie", wimbo wa kuwakejeli askari, Februari 1977 askari walivamia makazi yake ya Kalakuta, wakayachoma, wakamrusha mama yake dirishani. Mama alifariki mwaka uliofuata, na Fela akapeleka jeneza mpaka kambi ya Dodan, makao ya mtawala wa kijeshi. Kwa habari ya wanajeshi, basi, hakuna anayeweza kumwambia Fela kwamba aliimba tu. Lakini huyo huyo mwaka 1972 alishatoa "Lady", wimbo wa kuwakejeli wanawake wanaotaka kuwa sawa na wanaume, na mwaka 1978 akaoa wanawake 27 kwa siku moja. Na mama aliyerushwa dirishani, Funmilayo Ransome-Kuti, ndiye aliyewaongoza wanawake wa Abeokuta kupinga kodi za kikoloni miaka ya 1940.

Mtu akiniuliza kama Fela aliishi misingi yake, sina neno moja la kumjibu. Aliishi ule wa kutowaogopa wenye bunduki. Ule wa haki ya wanawake hakuuishi, na wala hakuuimba. Ndiyo maana nadhani swali la "maisha yake yakoje" ni pana kupita kiasi. Kipimo cha haki ni kile kile ambacho wimbo wake ulikitumia kuwapimia wengine. Aliyeimba dhidi ya rushwa tumuulize rushwa. Aliyeimba dhidi ya ahadi hewa tumuulize ahadi. Mengine, kama ya Fela na wake zake, tuna kila sababu ya kuyalaani, ila tuyalaani kama makosa ya mtu na tusiyafanye ushahidi kwamba "Zombie" ni uongo.

Kipimo hicho kinaondoa takataka nyingi mezani. Joseph Mbilinyi, Sugu, alianza kutema mashairi ya hali ngumu ya vijana tangu miaka ya tisini, akawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na baadaye akajenga hoteli jijini humo. Nimesikia watu wakiitaja hoteli hiyo kama ushahidi wa usaliti. Usaliti wa nini? Hakuwahi kuimba kwamba kijana wa Mbeya abaki maskini. Februari 2018 alihukumiwa kifungo cha miezi 5 kwa maneno aliyoyasema hadharani dhidi ya Rais Magufuli, akaingia Ruanda, gereza lililo jimboni kwake. Ukiweka hoteli na gereza kwenye mizani, sijui unahitaji ushahidi gani tena.

Kinaondoa pia lile dai kwamba mwanaharakati lazima abaki nyumbani. Aprili 2017 rapa Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana studio, wakaonekana siku ya tatu wakiwa na majeraha. Mwaka uliofuata serikali ikamfungia muziki kwa miezi 6 kwa sababu ya "Kibamia", wimbo ambao wala haukuwa wa siasa. Baadaye akahamia Marekani. Sasa anaambiwa ni rahisi kuimba ukiwa mbali. Ni rahisi kweli, lakini wanaosema hivyo wengi wako salama nyumbani kwao. Mwili wa mtu haumo kwenye mkataba wa wimbo.

Kubwa kuliko vitisho, kwa maoni yangu, ni kukumbatiwa. Machi 2017 rapa Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa sababu ya "Wapo", na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ikaufungia wimbo. Muda si mrefu Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, upigwe, msanii aachiwe, tena akiweza aongezee na maovu mengine kama ya wakwepa kodi. Ghafla wimbo wa kuisema serikali ukawa na mapendekezo ya serikali ndani yake. Nani angekataa kuachiwa? Mimi nisingekataa. Lakini kuanzia dakika ile, uhuru wa wimbo ukawa ni hisani ya mtu mmoja, na hapo msanii anahitaji msimamo kuliko alipokuwa mahabusu.

Hisani ya namna nyingine ilimfika Professor Jay. Mwaka 2022 aliugua sana, serikali ikabeba gharama za matibabu yake, na mwaka 2023 akarudi na "Siku 462", wimbo wa hayo aliyopitia. Mitandaoni hawakukosekana wa kusema amelamba asali. Hapo sina subira. Mgonjwa kutibiwa kwa fedha ya umma si rushwa, na kumshukuru aliyeidhinisha fedha hiyo ni adabu tu.

Ila kuna swali moja ambalo yeye na Sugu hawawezi kulikwepa kwa kipimo chao wenyewe, nalo ni la mwaka 2015. Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma orodha ya watu ambao chama hicho kiliwaita mafisadi, na jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa wakati huo, lilikuwemo. Miaka 8 baadaye Lowassa ndiye aliyekuwa mgombea urais wa CHADEMA, na Slaa akang'atuka. Wasanii wale wawili waliomba kura kwa tiketi ile ile, na umati uliambiwa usahau Mwembeyanga. Umati ukaitikia, kama kwenye wimbo.

Kwa haki yao, lilipokuja wimbi la wapinzani kuhamia CCM wakisema "wanaunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, na wabunge wenzao wa CHADEMA akina Mwita Waitara na Godwin Mollel wakahama, wao hawakuondoka. Walibaki upinzani mpaka uchaguzi wa 2020 ulipowatoa bungeni. Hiyo ni alama kubwa, na naihesabu.

Lakini haifuti ya 2015. Siwadai maisha ya kitawa, wala siwadai kuomba radhi, maana huenda hesabu waliyopiga ilikuwa na mantiki: bila Lowassa kura zisingefika pale zilipofika. Ninachowadai ni hesabu yenyewe, iwe kwa mistari au kwa maneno ya kawaida: walipima nini, walimeza nini, na kama yule mgombea wa mabomba ya maziwa angekuja kwenye chama chao, wangemwambia nini.