Mikate Moto Moto

Fundi aliniambia mara tatu: "Gari hii, chanya ya betri inafungwa kwenye bodi." Mara tatu nikamwitikia "ndiyo, ami", na mara tatu nikasema moyoni, maskini, swaumu imempanda kichwani. Nani asiyejua kuwa bodi ni hasi? Hata watoto wanaouza chaja Darajani wanajua.

Gari yenyewe ni Morris Minor ya mizigo, ya mwaka 1958, ile isiyo na madirisha nyuma, milango yake inafunguka kama kabati la nguo. Tuliikuta Fuoni chini ya mwembe, kuku anaatamia kwenye kiti cha dereva. Zamani ilikuwa ikipita mitaani kuuza mikate. Aliyeinunua ni mzee wa Maskati, mzaliwa wa hapa hapa Unguja aliyeondoka kijana, na siku hizi starehe yake ni kukusanya magari ya zamani. Masharti yake aliyatoa kwa simu. Hataki redio, hataki taa za kisasa, hataki kiti cha Noah. Namba ya chasisi ilingane na ya kwenye kibati, injini ibaki ile ile ya sisi (cc) 948. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na honi yake. Tulikuwa tukiisikia tuko ghorofani, tunateremka mbio."

Ami alikaa nayo miezi saba. Mie si fundi wa magari, mie ni mwandishi wa mabango. Saluni karibu zote za Amani zina mkono wangu, na ule "Mungu Kwanza" unaouona nyuma ya daladala, kuna uwezekano mkubwa ni wangu. Mzee alitaka ubavuni liandikwe neno moja tu, MIKATE. Nikaona halijashiba, nikaongeza MOTO MOTO, herufi nyekundu na kivuli cha manjano.

"Hiyo moto moto nani kakutuma?" ami akauliza.

"Inapendeza, ami."

Akanitazama kama mtu anayehesabu siku zilizobaki kufika Idi.

Jambo jingine nililoliharibu kwa brashi ni mkono. Gari hizi hazikuwa na indiketa za kumetameta. Ubavuni, kila upande, kuna kijimkono kama ulimi wa mjusi. Ukigeuza swichi kinachomoza na taa yake ndani, ukimaliza kukata kona kinarudi. Morris waliachana navyo mwaka 1961. Siku ya kupiga rangi mkono wa kulia ulikuwa nje, nikaupitia brashi pamoja na kiungo chake. Ukakauka hapo hapo. Kwa hiyo gari yetu, popote iendapo, inakwambia inakata kulia.

Basi siku ya siku ikafika, mwezi wa Ramadhani, kumi la pili. Mzee keshatua na meli, tumkabidhi gari yake Malindi kabla ya futari. Ami akanipa kazi moja tu: nifunge betri mpya, kisha nimsubiri arudi msikitini alasiri tuondoke pamoja. Betri nikaifunga, kwa akili yangu mwenyewe. Nikajaribu ufunguo. Pampu ya mafuta ikapiga tik tik tik, stata ikazunguka, injini ikashika, laini kama cherehani. Taa zinawaka. Honi inalia. Nikacheka peke yangu. Ami kweli kazeeka.

Na gari nzuri namna ile utaisubirisha vipi barabarani isionekane? Nikasema nizunguke kidogo tu, Mwembeladu na kurudi.

Mwembeladu nikapita watu wananipigia makofi. Nikaona haitoshi, nikaendelea na Michenzani. Pale karibu na Kisonge nikakanyaga mafuta ili nipite mbele ya Vespa moja, na ndipo nikasikia harufu. Harufu ile mwanzo inafanana na ya mtu aliyesahau muhogo jikoni. Kisha moshi ukaanza kutoka pembeni mwa boneti, mweupe, wa taratibu. Kisha honi ikalia.

Sikuigusa mie. Ililia yenyewe na haikunyamaza.

Nikakanyaga breki. Nyuma yangu watu wameshanipa nafasi ya kukata kulia, nami nikaenda kushoto kando ya barabara, nikagonga nguzo ya kibanda cha tende. Ami aliwahi kunihadithia kuwa Posta ya Uingereza, ilipoanza kuvichukua vigari hivi, ilitaka madigadi ya mbele yawe ya mpira, kwa sababu inawajua madereva wake. Yetu haikuwa ya Posta. Digadi ikabonyea, na tende zikamwagika.

Nikazima ufunguo. Injini ikanyamaza, honi haikujali. Nikafungua boneti, moshi ukanipiga usoni. Kufungua betri nahitaji spana, na spana iko juu ya benchi, Amani.

Hebu ifikirie sasa hali ilivyokuwa. Saa kumi na moja ya jioni, watu wana njaa ya tangu daku. Chini ya majengo ya Michenzani, yale marefu yasiyo mwisho, imesimama gari ya mikate ya zamani, imeandikwa MIKATE MOTO MOTO, inapiga honi, na inatoka moshi.

Walianza watoto, wakafuata mama zao na vikapu, wengine na sinia. Vibaraza vya juu vikajaa vichwa. Bibi mmoja wa makamo ya nyanya yangu akaja mbele kabisa, akaniwekea noti ya elfu mbili mkononi, akaufumba mkono wangu kwa mkono wake.

"Nipe boflo nne, mwanangu. Zilizoiva vizuri."

"Bibi, hakuna mikate!"

"Eeh?"

"HAKUNA MIKATE!"

"Ndiyo, nne." Akamgeukia mwenzake. "Anasema bado kidogo. Si unaona moshi? Siku hizi wanaoka ndani kwa ndani."

Foleni ikapangwa bila mtu kuipanga, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Ukitaka kuwaona Waunguja wana nidhamu, waonyeshe mkate saa moja kabla ya magharibi. Muuza tende naye anadai tende zake. Kijana wa Vespa, yule yule niliyetaka kumpita, ndiye aliyeniokoa: akafungua kisanduku chake, akatoa spana, akaichomoa waya ya betri kwa kofia yangu kwa sababu ilikuwa haishikiki. Honi ikakata. Michenzani nzima ikanyamaza, na katika ukimya ule nikasikia sauti nyuma ya foleni:

"Mimi boflo mbili."

Nikageuka. Mzee wa kanzu nyeupe na kilemba cha Kiomani, kasimama kwenye foleni, wa mwisho, mikono nyuma kama mtoto wa skuli. Pembeni yake ami. Kumbe mzee hakungoja Malindi, alikwenda mwenyewe gereji, wakatukuta hatupo, wakachukua teksi na kuifuata honi.

Ami hakunisalimu. Akaenda moja kwa moja kwenye boneti, akainama, akainuka.

"Chanya umeitia wapi?"

Nikatazama tende.

Alinieleza baadaye, futari imeshatulia tumboni. Gari nyingi za Kiingereza za zama zile chanya ndiyo inakwenda kwenye bodi, mpaka mwishoni mwa miaka ya sitini walipogeuza. Ukikosea, kila kitu kinafanya kazi vizuri, na hapo ndipo inapokudanganya. Asiyekubali ni dinamo. Ikianza kuchaji, badala ya kusaidiana na betri zinapigana, kile kikatio baina yao kinagandana kwa moto, na waya zinayeyuka ngozi. Ya honi ilikuwa mojawapo, ikalala kwenye chuma ikajibonyeza yenyewe.

Tulirudia waya zote, na mzee akataka ziwe zile za kuvikwa kitambaa, za asili. Digadi ikanyooshwa. Mkono wa kulia ukabanduliwa rangi kwa wembe, nusu siku. Tende nililipa. Nilidhani MOTO MOTO nitaambiwa niifute, nikaja na msasa kabisa, lakini mzee akaniwekea mkono begani: "Iache, mwanangu. Imeshathibitishwa."

Gari ikapakiwa Malindi baada ya Idi. Elfu mbili ya bibi bado ninayo, maana aliondoka na watu kabla sijamrudishia, na mlango wake siujui. Ananijua yeye. Juzi kamwambia mtu pale Michenzani kuwa yule kijana wa mikate anachelewa sana, na kwamba sasa anataka sita.