Una asilimia ngapi? Kwanza niambie bosi wako ataandika nini

Watu wananitumia sivii zao wasap. Sijui nani aliwaambia mie nina mizani, nadhani ni vile nilishasoma MBA, shahada ya pili ya biashara, huko nje halafu nikarudi zangu Tanga kufanya kazi, basi ikawa hivo, saa nne usiku simu inalia, shikamoo dada, samahani kwa usumbufu, nina GPA 3.7, kazini huu mwaka wa nne, GMAT bado sijafanya ila natarajia 720, je Harvard nina asilimia ngapi za kuingia? (GPA ni wastani wa alama za chuo, GMAT ni mtihani wa kuombea shule za biashara.) Wengine wanashusha listi nzima ya shule za biashara, Harvard, Stanford, Wharton, INSEAD, London Business School, wanataka kila moja niiwekee namba yake pembeni kama bei za samaki pale Deep Sea.

Mie asilimia sitoi. Na anayetoa, awe mtu baki mtandaoni au konsaltanti anayelipwa kwa dola, anakisia tu, tena anakisia kwa kujiamini na hapo ndo anapoharibu, maana kijana akiambiwa ana 40 anabweteka, akiambiwa 5 anaacha kabisa, na wote wawili hawajaambiwa kitu chochote kuhusu faili lao la maombi.

Tuzitazame hizo hesabu zenyewe. Stanford darasa lao lina watu mia nne na kitu, maombi kwa mwaka yanazidi elfu sita. Harvard wanaingia kama 930, na kuna mwaka walioomba walikaribia elfu kumi. Gawanya, utapata asilimia sita saba kwa Stanford, tisa kumi hivi kwa Harvard. Haya, sasa hizo ni za kundi zima, yumo aliyejaza fomu usiku wa mwisho bila hata kuisoma, yumo aliyekaa McKinsey, ile kampuni kubwa ya ushauri wa biashara, miaka mitatu, yumo mwanajeshi wa Marekani aliyeongoza kikosi. Wewe unayefanya kazi kiwandani Pongwe au kwenye mradi wa bomba la mafuta Chongoleani ukiichukua namba hiyo ukasema ni yako, haikuhusu hata kidogo.

GPA nayo ina vituko vyake. Sie tunapima kwa 5, Wamarekani wanapima kwa 4. Hiyo 3.7 yako ni apa sekondi, inaanzia 3.5 mpaka 4.3, daraja la kwanza ni 4.4 kwenda juu. Wapo wanaoichukua 3.7 kavukavu wanailinganisha na 3.7 ya Mmarekani wanaona mambo safi, na wapo wanaojifanya wajanja, wanaigawa kwa 5 wanaizidisha kwa 4, inatoka chini ya 3, wanakosa usingizi. Wote wamepotea. Shule nyingi zinasema zenyewe andika kama ilivyo kwenye transkripti usibadilishe kitu, wao wanapokea transkripti za dunia nzima kila mwaka na kazi ya kuzisoma wanaijua.

Na hiyo 720 haipo. Mtihani wa sasa, toleo lililoanza mwishoni mwa 2023 halafu la zamani likazikwa mwanzoni mwa 2024, alama zake zinaanzia 205 mpaka 805 na zote zinaishia na 5, kwa hiyo 720 huipati hata usomewe dua. Ile 700 ya zamani iliyokuwa ndoto ya kila mtu leo inakaa sawa na 645 hivi, ndo maana namshangaa mtu kapata 655 anakuja kwangu kanuna. Sehemu tatu, hesabu, lugha na data, dakika 45 kila moja, na kwenye hesabu kalkuleta hamna. Ada inakaribia dola 300. GRE, mtihani mwingine wa namna hiyo, pia wanaipokea shule zote hizo tano, kama unaona inakukaa vizuri zaidi nenda nayo. Msimamo wangu kwenye huu mtihani ni mfupi, kama chuoni hesabu ulizikimbia basi hapa ndo mahali pekee kwenye faili ambapo bado unaweza kubadilisha kitu, komaa. Kama alama yako inaeleweka, acha kurudia rudia, unachoma hela.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Kuna kijana wa Makorora, yuko kwenye kampuni ya wakala wa forodha hapa bandarini, kaniletea esei yake. Aya ya kwanza, tangu utotoni nimekuwa na shauku ya uongozi na kuleta mabadiliko chanya barani Afrika. Ya pili hivohivo. Ya tatu kaweka na methali. Nikamwambia mdogo wangu, iache Afrika, haijakutuma, hebu nieleze kazini kwako mnafanyaje.

Akaanza kusimulia. Bandari yetu zamani gatini kina kilikuwa mita 3 tu, meli kubwa inatia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye matishari ndo unaletwa. Ikachimbwa mpaka mita 13, gati ikajengwa ya mita 450, meli sasa zinafunga hapohapo. Watu tukashangilia, na haki yetu. Ila yeye aliyeko ndani akaona jambo, mzigo uliokuwa unatoka kidogo kidogo na tishari sasa unatoka kwa mkupuo, malori nayo yanakuja kwa mkupuo, madereva wanalala barabarani, wenye mizigo wanapiga simu wanatukana, na kila ofisi inasema tatizo ni ofisi ya jirani. Huyu bwana akanunua kaunta buku. Akawa anaandika lori limefika saa ngapi, limeingia saa ngapi, karatasi gani ilikosekana na ilikuwa kwa nani. Wiki hadi wiki. Mwishowe ikaonekana sehemu kubwa ya ucheleweshaji inatoka kwao wenyewe, walikuwa wanaanza kukagua nyaraka za mteja lori likiwa limeshafika getini. Akaenda nalo kwa bosi. Bosi akamwangalia, akamuuliza we unatafuta nini hasa? Zikapita siku hajajibiwa, baadae akaitwa akaambiwa haya, chukua wateja watatu ujaribu utaratibu wako. Leo ofisi nzima inaenda hivo.

Hakuna hata neno moja la hayo kwenye esei! Nikamuuliza mbona hukuandika, akanijibu, dada hiyo si kazi tu.

Jamani, hiyo kazi tu ndo wanayoitaka. Harvard toka 2024 wanataka esei tatu fupifupi, moja ya mambo ya biashara, moja ya uongozi, moja ya udadisi na kukua, ya kwanza maneno 300, hizo mbili 250 kila moja. Kwa maneno 250 huwezi kuikomboa Afrika, ila kaunta buku na malori vinaenea na nafasi inabaki. Yupo na dada mmoja wa Muheza, anasimamia kituo cha kukusanyia maziwa, kila asubuhi anapima, anakataa maziwa ya mtu mzima mwenye umri wa baba yake mbele ya foleni, na yule mzee kesho yake anarudi kwake tena na ndoo na hawagombani. Naye ananiambia kwenye uongozi hana cha kuandika kwa sababu hajawahi kuwa rais wa klabu chuoni.

Haya, na kitu ambacho hakuna anayeniuliza ni barua za wadhamini, yaani watu wanaokuelezea kwa shule. Kwa faili nilizozisoma mie, hapo ndo watu wetu wanapozama, wala sio GMAT. Shule hizi kwa kawaida zinataka barua mbili, na wanachopenda ni mmoja awe bosi wako wa sasa, yule anayeiona kazi yako kila siku. Ukimwendea bosi wa huku kwetu anakujibu kwa mapenzi kabisa, we andika mwanangu, ulete nitie saini. Kwa akili yake ameshakusaidia. Kumbe hamna cha kutia saini, yeye ndo anatumiwa linki kwenye barua pepe yake, anajaza mwenyewe, na maswali ni ya kumchimba. Mawili yanajirudia shule nyingi. Moja, huyu mtu ukimweka na wengine wazuri wa nafasi kama yake yukoje, toa mifano. La pili, ni jambo gani zito ulishawahi kumrekebisha, ilikuwaje, na alipokeaje.

Hilo la pili linatushinda kwa malezi. Mtu mzima wa kwetu kijana akimwomba msaada halafu aseme kasoro zake, anaona amemwagia mchanga kitumbua chake. Basi anaandika hana dosari yoyote, ni mtiifu, mcha Mungu, anawahi kazini, katoka familia ya watu. Wallahi kwa kumpa mtu binti aoe, barua hiyo imekamilika. Kwa yule wa Harvard aliyekaa huko Boston na rundo la mafaili, haina kitu ndani yake, kwa sababu mwenzio wa Mumbai bosi wake kaeleza kwa mistari kumi jinsi alivyomkalisha chini baada ya mradi kuharibika na miezi miwili baadae akawa mtu mwingine. Nani kaaminika hapo?

Wapo na wajanja wanaofungua jimeili kwa jina la bosi wakajijazia wenyewe. Msifanye. Barua mbili na esei zikiwa na mtindo mmoja, makosa yaleyale ya koma, mtu anayesoma mamia ya hizo anastuka, na wakikubaini baada ya kupokelewa wanakufuta, hata kama umeshaanza masomo.

Kwa hiyo yule wa bandarini nilimuuliza, bosi wako lini mara ya mwisho alikugombeza? Akacheka, akashika kichwa. Alimtumia mteja mkubwa ankara kabla haijapitiwa, tarakimu moja imeruka, bosi akamsema mbele ya ofisi nzima kwamba haraka yake ipo siku itawafilisi. Toka hapo hatumi ankara mpaka mwenzie aisome, na hata vijana waliokuja nyuma yake kawawekea sharti hilo. Nikamwambia nenda kwa bosi wako, mnunulie kahawa, mkumbushe siku hiyo, na mwambie ukiliandika hili hujaniharibia, umenisaidia kuliko sifa zote. Usimtungie maneno, mkumbushe tu matukio na mwache aandike kwa kiingereza chake hichohicho, hata kikiwa cha kuungaunga.

Mtu akiweza kunijibu swali hilo bila kujiuma uma, na bosi akakubali kuliandika, hapo mie nasema faili lina uhai na aombe hata kama GPA ni 3.5. Akinijibu kwamba hajawahi kugombezwa kwa sababu hakosei, namshauri asubiri mwaka mmoja, bora ada za maombi anunulie tofali. Maana Harvard peke yake fomu ni dola 250, zaidi ya laki sita za kwetu, na Stanford inazidi hapo.

Kuna uvumi mwingine kwamba Watanzania tunaoomba ni wachache basi tunapewa nafasi kirahisi. Hakuna shule kati ya hizo inayotangaza kiti cha Tanzania. Wanapenda darasa lenye watu wa kila namna, kweli, lakini ukishatoka huku na simulizi la kuokoa bara, unafanana na kila Mwafrika mwingine aliyeandika hivohivo.

Hela je? Mwaka mmoja Harvard, ada na kula na kulala, unavuka dola laki moja, na kozi ni miaka miwili. Msaada wao wanautoa kwa kuangalia uwezo wako wa kifedha, sio alama, kwa hiyo mshahara mdogo wa Tanga hapo ndo unakutetea, usiufiche. Stanford wana ufadhili wa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, sharti lake ukimaliza ndani ya miaka miwili uwe umerudi barani kufanya kazi, na ukae si chini ya miaka miwili. INSEAD kozi inaisha kwa miezi kumi, gharama ya maisha inapungua. Na kama lengo lako ni kuendesha shamba la mkonge la ukoo huko Korogwe, mie sioni kwa nini lazima iwe Boston, Cape Town wana shule nzuri ya biashara, ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi, iko Arusha hapo, unalala kwenu wikiendi ndefu. Najua hamtaki kusikia hivo.

La muda sasa. Raundi ya kwanza shule nyingi hizi zinafunga Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari, ya tatu inakuja baada ya hapo ila viti vingi vishaondoka na hela za ufadhili nazo zimepungua. Wengi wetu tunakimbilia ile ya Januari, na bosi wa huku Desemba humpati, kaenda kijijini, simu anaikuta kwenye chaji jioni, linki ya barua inakaa kwenye imeili wiki mbili haijafunguliwa. Mwendee Oktoba, akikubali mkae siku hiyohiyo afungue akaunti mbele yako, nenosiri aliandike mahali.