Simameni hivyo hivyo, msitikisike!

Kwanza ile voisi ya Mapengo inayozunguka kwenye magrupu, ya usiku ule king'ora changu cha kumtegea mwizi wa kuku kilipolia, punguzeni nusu. Hakuna aliyezimia, polisi hawakuja, na mimi sikulia, lile lilikuwa jasho. Mapengo huyu huyu akikusimulia mechi ya Coastal Union utadhani goli kafunga yeye, halafu ukiuliza alikaa jukwaa gani anakwambia alisikiliza redioni. Sasa tulieni niwape mimi, mwenye sensa (kidude kinachohisi mtu akipita) na mwenye bukta.

Wa Ngamiani hapa Tanga mnaijua kesi ya kuku wa shangazi (barabara ya ngapi sisemi, mtakuja kuchungulia). Anaondoka mmoja, unakaa kidogo wanaondoka wawili, asubuhi manyoya hakuna, damu hakuna, kwa hiyo si nguchiro wala kicheche, huyo ni binadamu tena ana ujuzi wa kumbeba kuku asitoe sauti. Shangazi alishaanza kutaja jina la mtu. Nikamwambia shangazi usiseme la mtu, nipe muda nimtege.

Kuna duka moja walitupa taa ya nje, zile zenye kichwa cha sensa kwa chini, ukipita inawaka yenyewe. Taa imeungua, kichwa kizima, nikaichukua kwa buku tatu. Jamani watu mnatupa mali! Lile tumbo jeupe la plastiki pale usoni ni lenzi, limekatwa vipande vipande na kila kipande kinaangalia upande wake wa uwanja. Nyuma yake kuna kidude cha chuma chenye kidirisha, hicho ndicho kinachohisi joto. Ndani yake mna vipande viwili vinavyopingana, mahali pote pakipata joto sawasawa vinafutana, kimya. Mpaka kitu chenye joto lake kitoke eneo la kipande kimoja cha lenzi kiingie la kipande kingine ndipo inashtuka. Maana yake ukisimama tuli mbele yake, kwa sensa wewe haupo. Hilo lishikeni, mtalihitaji.

Rilei ya ndani, ile swichi inayojifunga yenyewe sensa ikishtuka, ilikuwa ya volti 12, basi nikaruka upande wote wa umeme wa ukutani, nikailisha moja kwa moja kutoka betri nzima ya yupiesi (UPS) iliyokufa, nikakata njia ya shaba inayopeleka umeme kwenye taa, na pale rilei inapofunga nikaunga king'ora cha alamu ya gari na taa kubwa ya pikipiki. (Mnaotaka kuiga: hizi zikiwa zimechomekwa ukutani usiguse ndani hata kwa bisibisi, nyingi hazina transfoma inayotenganisha, kila kitu mle kina umeme wa nyumba. Mimi nina mambo yangu lakini hilo naliheshimu.)

Kichwani pana vidude vitatu vya kuzungusha, TIME ya muda wa kuwaka, LUX ya kiasi cha mwanga, na SENS ya wepesi wa kuhisi. TIME niliisukuma mpaka mwisho, dakika kadhaa, mwizi asikie vizuri, na kila ikiona mtu katikisika inaanza kuhesabu upya. LUX nikaweka usiku tu, baada ya majaribio. SENS nilijaribu mchana kabla ya hapo, na mchana wa Tanga mwezi wa pili mnaujua, ukuta wenyewe una joto la mtu, sensa haitofautishi, mpaka nijipeleke puani kwake ndiyo inalia. Nikasema hii dhaifu, nikazungusha mpaka mwisho nayo.

Betri nikaiweka ndani ya banda, banda likapigwa kufuli, ufunguo shangazi kaufunga kwenye pindo la kanga yake. Mapengo kwenye voisi anacheka eti mbona swichi sikuiweka nje. Sasa mwizi akiikuta nje si ataizima? Watu wengine bwana.

Wote nyumbani waliambiwa, ukienda chooni usiku ambaa na ukuta upande wa pipa, kule haifiki. Wote isipokuwa Babu. Babu, mdogo wake marehemu babu yangu, alikuja jioni kutoka Pangani kwa ajili ya kliniki ya macho hospitali ya Bombo kesho yake. Shangazi anasema kumwambia ilikuwa kazi yangu, mimi nasema mgeni anaelekezwa choo na mwenye nyumba, kesi hiyo bado inanguruma. Na mjue kwamba kwa ajili ya macho hayo ukoo mzima ulichanga. Babu alisema hana hata nauli. Shangazi kauza matetea wawili kati ya wale waliobaki, akamkabidhi mkononi, Babu akamwombea dua ndefu.

Usiku ikapiga mvua, ikaacha. Uwanja ukapoa vizuri, na sensa yangu ambayo mchana ilikuwa kipofu ikawa inamwona mtu kama jiko la mkaa gizani.

Saa tisa usiku. Babu na msuli wake, kopo la maji mkono wa kulia, kandambili, anakatiza uwanja katikati kwa mwendo wake ule wa mtu aliyenifundisha mimi chuoni kwa bakora. Hatua ya kwanza, kimya. Hatua ya pili nadhani ndiyo alitoka kipande kimoja cha lenzi akaingia kingine, maana nilisikia, wallahi nikiwa usingizini niliisikia rilei, tak.

Kile king'ora kimetengenezwa kisikike parking nzima. Uani kwetu ni vyumba viwili kwa upana.

Natoka nje naona hivi. Taa ya pikipiki imemshika Babu kifuani. Kopo liko hewani bado, sitanii, nililiona linashuka. Mikono yote miwili juu. Na msuli, ambao kazi yake yote ilikuwa inategemea ule mkono wa kushoto, ukaanza kuteremka taratibu, ukapita magoti, ukatua. Ashukuriwe Mungu ndani alivaa kaptura, ndefu, ya kaki.

Kwa mlango wa nyuma wakaingia majirani. Wa kwanza vijana wa mkate wa ajemi, saa hizo ndio wako macho, unga mpaka kwenye nyusi, wana miti ya kuchomea moto mikononi. Nyuma yao mama wa nyumba ya pili na mwiko, mumewe na tochi, na binti yao. Ndiyo, yule binti. Watu wanapiga kelele mwizi mwizi, kila anayeingia sensa inamwona inaanza kuhesabu upya. Shangazi mwenye ufunguo kajifungia chumbani kaegemeza kabati mlangoni, anaita mwizi kuliko hao waliokuja kumkamata.

Hapo akili ikanifanya kazi haraka sana. Nikakumbuka, anayesimama tuli hayupo. Nikapiga ukelele wote nilionao: "Simameni hivyo hivyo! Msitikisike hata kidole!"

Wakasimama. Watu kumi na kitu, pap. Mwenye mwiko juu, mwiko ukabaki juu. Kijana wa mkate aliyekuwa kainua mguu, mguu ukabaki juu. Mmoja akaninong'oneza bila kufungua mdomo, "Kaka, umeme umeachia?" nikamwambia ndiyo, asije akasogea. Na mimi mwenyewe nikajikuta nimeganda, mgongo kwenye taa, bukta yangu ile ya kulalia, wanaoijua wanaijua, ina dirisha nyuma, na aliyeko nyuma yangu ni binti wa nyumba ya pili na mwanga wote wa pikipiki niliuunga mimi kwa mikono yangu.

Lakini Babu yeye alisikia nini? Mtu unatoka gizani, unamulikwa, kelele, halafu sauti ya kiume inakwambia usitikisike. Akapiga shahada kwanza. Kisha akasema, tena kwa sauti ya mimbari, juu ya king'ora:

"Wanangu msiniue! Fedha zi ndani ya kofia ya viua, chini ya mto! Laki mbili na nusu, chukueni zote, niachieni roho yangu!"

Ukoo mzima uliochanga ulikuwa ndani ya mita saba, masikio wazi.

Watu tukaendelea kusimama. Nahesabu kichwani, moja, mbili, tatu, jasho linaingia machoni sithubutu kupangusa, naona kabisa tunakaribia kufika, dakika zinaisha, kitazima. Ndipo jogoo wa shangazi akatoka. Kapitia wapi sijui, ila alitoka, akasimama kwenye mwanga, akajitingisha maji, akaanza kutembea. Anakwenda mpaka kwenye pipa anageuka. Anarudi mpaka kwenye msuli wa Babu anageuka. Kuku joto la mwili wake linazidi hata la mtu! Anakata vipande vya lenzi kimoja baada ya kingine na mimi simwambii kitu, na kumfukuza siwezi, nikimfukuza natembea. Mtu mzima nikabaki nambembeleza kwa macho.

Mwenye mguu juu akaanguka. Mwingine akapiga chafya ya unga. Tukaanza upya.

Kumbe shangazi ndani alishaacha kuita mwizi muda mrefu. Alisikia laki mbili na nusu. Kabati likasikika linaburuzwa, mlango ukafunguka, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akavua kanga ya juu akaitupia sensa kichwani. Ikawa haioni tena chochote. King'ora kikaendelea, kwa sababu muda wake haujaisha, nikaanza kumweleza habari ya TIME, akanitazama. Ufunguo ulikuwa unaning'inia pale pale kwenye pindo, mbele ya pua yangu. Mapengo, ambaye muda wote alikuwa juu ya ukuta na simu, akashuka akafungua kufuli akachomoa waya wa betri. Basi.

Mengine yote ni mafupi. Babu alikwenda Bombo kwa bajaji kwa nauli yake. Matetea wawili yamelipwa, na shangazi kanikataza katakata nisiing'oe ile mashine, anasema hakuna mtu mtaa huu ambaye angezitoa hela zile kwa Babu. Binti wa nyumba ya pili akinisalimia anaangalia pembeni anauma midomo. Bukta nimechoma.

Jana mchana, saa sita, jua kali, watu wote wako macho, yule jogoo kaondoka na mtu. LUX nilishawaambia niliweka usiku tu. Shangazi kampigia simu Babu kumpa habari, nasikia kacheka mpaka akakabidhi simu kwa mtu mwingine.