Milioni tatu za mfadhili zinafanya nini mtaani?

Chukua kikundi cha ngoma cha Temeke au Mbagala, vijana kumi na watano na wazee wawili wanaowafundisha. Kimepata ruzuku ya shilingi milioni tatu kutoka kwa shirika au ubalozi fulani. Ngoma tatu zinawambwa ngozi mpya, sare zinashonwa. Kuna nauli na chai ya mazoezi, kukodi spika siku ya onyesho, bango lenye nembo ya mfadhili, na mpiga picha, kwa sababu ripoti isiyo na picha haipokelewi. Kodi ya chumba cha kuhifadhia ngoma, ambayo ndiyo inayowasumbua mwaka mzima, haimo. Mwongozo umesema wazi kwamba ruzuku hailipii gharama za uendeshaji. Onyesho linafanyika, uwanja unajaa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anatoa neno. Mwezi unaofuata mwenye nyumba anagonga mlango.

Mfano huu nimeutunga, ila aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha sanaa uswahilini hatapata shida kuutambua. Ndiyo maana mjadala kuhusu ruzuku ndogo za sanaa ya mtaani hauishi. Wapo wanaoziona kama mbegu na wapo wanaoziona kama njia ya kuvipumbaza vikundi visisimame vyenyewe. Kila upande una hoja ambazo si za kupuuza.

Nianze na wanaozipinga, maana hoja yao ni nzito kuliko wafadhili wanavyopenda kukiri.

Sanaa kubwa za mitaa yetu hazikuzaliwa na ruzuku. Singeli ilichemka Tandale, Manzese na Mburahati kwenye sherehe za mtaani, kwa spika za kukodi na kompyuta za kuunga-unga, na kufikia 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikuwa imeitoa kwenye santuri inayosikilizwa Ulaya. Wachoraji wa Tingatinga walianza kwa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyekuwa akipaka rangi za mafuta kwenye vibao na kuuza Oysterbay. Alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake waliendelea kuchora na kuuza pale Morogoro Stores mpaka wakasajili ushirika wao mwaka 1990. Zanzibar, Nadi Ikhwan Safaa imekuwapo tangu 1905, ikiwa klabu ya taarabu ya wanachama. Na katika taarabu hadi leo mama anainuka kwenye kiti chake, anacheza taratibu hadi jukwaani, anamtunza mwimbaji noti mbele ya watu wote, kisha anarudi kukaa. Yule hakuombwa andiko la mradi. Amelipia wimbo uliomgusa, na mwimbaji amejua papo hapo kwamba umegusa.

Hapo ndipo wapinzani wa ruzuku wanapobana. Wanasema mfadhili akiingia, kikundi kinageuza shingo. Kilichokuwa kinamtazama jirani sasa kinamtazama ofisa wa miradi. Miaka ya 1990 na 2000 tulizoea maigizo ya mtaani ambayo yote yalikuwa na mhusika asiyetaka kupima, mke mwenye busara na daktari wa kuja mwishoni kutoa somo. Ujumbe ulikuwa wa lazima, UKIMWI uliua watu wetu na kunyamaza lisingekuwa jibu. Lakini kadiri fedha zilivyohama kutoka mada moja kwenda nyingine, vikundi vilihama nazo: leo usafi wa mazingira, kesho ushiriki kwenye uchaguzi, keshokutwa mabadiliko ya tabianchi. Msanii anajifunza kusoma matangazo ya wafadhili kabla ya kuisoma mitaa yake.

Kuna na jambo linalosemwa kwa sauti ya chini zaidi: hela ndogo ina fitina kubwa. Kikundi kilichokutana miaka mitatu bila senti kinaanza kuulizana nani anashika saini benki. Mweka hazina anaonekana na simu mpya, maneno yanaanza. Katiba ya kikundi iliyonakiliwa haraka ili kutimiza sharti la usajili haimsaidii mtu, kwa sababu hakuna aliyeisoma.

Haya yote ni kweli, na bado siafikiani na hitimisho kwamba ruzuku ziondoke.

Singeli ilikuwa na mlipaji. Sherehe za uswahilini zina mwenye shughuli anayekodi muziki, na wanaokuja kucheza. Tingatinga ilikuwa na watalii na wageni wa Oysterbay. Taarabu ina ukumbi na kina mama wenye noti. Darasa la kuchora la watoto wa darasa la nne Jumamosi asubuhi linalipiwa na nani? Mzee anayejua ngoma ya kwao ambayo haichezwi tena harusini, atatunzwa na nani, ikiwa wanaoielewa wamebaki wachache? Maktaba ndogo ya mtaani, kikundi cha maigizo cha wasichana wanaotaka kusema yanayowapata shuleni, michoro ya ukutani inayoeleza historia ya mtaa: haya hayana tiketi. Ukiyaachia soko, hayafi kwa kukosa thamani. Yanakufa kwa sababu wanaoyahitaji zaidi ndio wasio na hela.

Tanzania kwa sasa jibu kubwa la serikali kwa vikundi ni mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ukarejeshwa 2024. Mfuko wa Utamaduni, ambao ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 ukigawa ruzuku zilizotegemea sana fedha za nchi za Nordik, siku hizi unajulikana zaidi kwa mikopo ya wasanii. Kwa mwenye studio au bendi ya harusini, mkopo ni jambo jema kabisa. Anayefundisha watoto kuchora hana cha kurejesha. Ukimpa mkopo umemwambia afanye biashara nyingine, na darasa litabaki kuwa la akipata nafasi.

Kwa hiyo ruzuku ina mahali pake. Ugomvi wangu ni na umbo lake.

Kwanza muda. Wajukuu Art Project walianza mwaka 2004 katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, wasanii waliokulia palepale wakachukua jukumu la kufundisha watoto wa majirani. Mwaka 2022 walialikwa kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika Kassel, Ujerumani, kila baada ya miaka mitano. Lango la jengo moja wakalivika mabati kama ya nyumba za kwao, kiasi kwamba mgeni wa Ulaya aliingia maonyeshoni kwa kupita Mukuru. Mwaka huohuo walipewa Tuzo ya Arnold Bode. Kati ya 2004 na 2022 ni miaka kumi na minane. Ruzuku ya miezi minne, inayodai matokeo yaandikwe mwezi wa tano, ingepima nini katika mwaka wa pili wa kikundi kama hicho? Ingehesabu watoto waliohudhuria, ingepiga picha, ingefunga faili.

Ningependa milioni tatu zilezile zigawanywe milioni moja kila mwaka kwa miaka mitatu, na ziruhusiwe kulipa kodi ya chumba na posho ya mwalimu. Wafadhili wengi hawapendi kulipia kodi kwa sababu haipigwi picha. Wanasahau kwamba mtoto anayejua kila Jumamosi mlango uko wazi ndiye anayerudi, na kwamba bila yeye kurudi hakuna mradi.

Nakubali ubaya wa pendekezo hili. Fedha ikigawanywa hivyo, vikundi vipya vinavyoingia kila mwaka vinapungua, na wale waliotangulia wanaweza kujifanya wenye mali. Pia milioni moja haitoshi kununua spika. Bado nachagua hivyo. Spika inakodishwa, mwalimu akishaondoka kwenda kutafuta riziki, humkodi.

La pili ni karatasi. Fomu nyingi bado huja kwa Kiingereza, zikidai mantiki ya mradi, viashiria na mpango wa uendelevu. Matokeo yake ruzuku ya mtaa inamfikia kijana wa mtaa anayejua kuandika kiofisi, au mshauri wa mjini anayeandika kwa ajili ya vikundi vitano na kuchukua fungu lake. Mzee mwenye ngoma hafiki. Halafu kuna risiti. Mfadhili anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, naye fundi wa kuwamba ngoma huko Bagamoyo hana mashine hiyo. Anakata ngozi, anailoweka, anaivuta juu ya mzinga na kuipigilia vigingi, anaianika juani, anapokea hela yake mkononi. Kikundi kinachotii sheria kinaishia kununua kitu dukani chenye risiti badala ya kile walichokihitaji, au kinatafuta risiti ya kuazima. Fomu imewafundisha uongo watu waliokuja kuomba ngozi ya ngoma.

Mfadhili naye ana utetezi, na ni wa haki. Hela ile ni ya walipa kodi wa nchi yake, mkaguzi atakuja, na wapo wenyeviti wa vikundi waliokula hela za watoto bila aibu. Asiyetaka risiti kabisa anawaachia wezi mlango. Lakini kwa fedha ndogo ushahidi unaweza kuwa wa aina nyingine: hati ya malipo iliyosainiwa na fundi pamoja na namba yake, muamala wa simu, mkutano wa hadhara ambapo kikundi kinasoma mapato na matumizi mbele ya wazazi. Huo wa mwisho naupenda kuliko yote. Mkaguzi wa mbali hajui bei ya ngozi ya mbuzi. Majirani wanaijua, na wataguna.

Jambo la tatu ni nani anachagua. Documenta hiyo ya 2022 iliongozwa na kikundi cha ruangrupa cha Jakarta, ambacho kiliweka sehemu ya fedha kwenye chungu cha pamoja na kuwaachia wasanii waamue wenyewe matumizi yake. Maonyesho yale yaligubikwa na mzozo mkubwa kuhusu kazi iliyoshutumiwa kwa chuki dhidi ya Wayahudi, kwa hiyo sisemi kila kitu kiigwe. Ila wazo la kuamua pamoja si geni kwetu, kina mama wa vikoba hulifanya kila wiki. Kamati ya watu saba wa kata, wakiwamo wasanii wawili, mwalimu na mzazi, inaweza kuona kisichoonekana kwenye andiko: kikundi gani hukutana kweli na kipi huamka tangazo likitoka. Inaweza pia kupendelea ndugu. Dawa yake ni kubadilisha wajumbe kila mwaka na kutangaza majina ya waliopata, na hata hivyo upendeleo kidogo utapenya. Naona hatari hiyo ni ndogo kuliko ile ya kuchaguliwa na mtu asiyewahi kufika.

Uhuru wa kusema ndio mgumu zaidi, na sina jibu safi. Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao mwaka 1977 na kuigiza mchezo walioshiriki kuutengeneza wakiwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali ya Kenya ilizuia onyesho, ikamtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Ruzuku ya serikali isingelipia mchezo ule. Na kujitegemea kwao, ambako ndiko kulikowapa sauti, hakukuwakinga. Kwa upande mwingine, mradi wa TUSEME ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kutumia maigizo kutaja matatizo yao wenyewe, kwa msaada wa wafadhili. Kinachonifanya nisikate tamaa na hela ya nje ni huo utaratibu wa wasichana kuanza na yanayowasibu, mada isishuke kutoka juu.

Utegemezi nao una gharama inayojulikana. Tamasha la Sauti za Busara halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha muziki cha DCMA, hapohapo Zanzibar, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kilikuwa hatarini kufungwa. Kama wakubwa wenye majina wanayumba mfadhili akikohoa, kikundi cha Mbagala kijiwekee akiba gani?

Sehemu ya jibu haihitaji mfadhili yeyote. Madarasa ya shule za msingi hukaa tupu Jumamosi, na kila halmashauri ina afisa utamaduni. Barua yake kwa mwalimu mkuu, pamoja na makubaliano ya nani anafagia na nani analipa kikiharibika kitu, ingeondoa kodi ya chumba kwenye hesabu za vikundi vingi. Hapo milioni moja ya mwaka ingemlipa mwalimu na kuwamba ngozi, na afisa huyo angekuwa na cha kuandika kwenye bajeti yake ya mwaka unaofuata.