Halmashauri ya Mid Suffolk ilichukuliwa kata kwa kata

Tarehe 4 Mei 2023, wapiga kura wa Mid Suffolk, wilaya ya mashamba na vijiji mashariki mwa Uingereza, walikipa Chama cha Kijani, chama cha watetezi wa mazingira, viti 24 kati ya 34. Wahafidhina walibaki na sita, Liberal Democrats wanne. Kabla ya hapo Kijani hawakuwahi kushika wingi wa viti katika halmashauri yoyote ya nchi hiyo. Katika mji wa Brighton waliongoza kuanzia 2011, lakini kwa viti pungufu ya nusu. Na siku ileile Mid Suffolk inapinduka, Brighton, ngome yao maarufu, iliwaangusha hadi viti saba.

Wengi wetu tunaofuatilia siasa za Uingereza kwa Kiswahili tunaishia kwa waziri mkuu. Naona tunakosea. Kinachofundisha zaidi kiko huku chini.

Mid Suffolk ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1974, serikali za mitaa zilipopangwa upya na miji midogo kama Stowmarket na Eye ikaunganishwa na vijiji vinavyoizunguka. Ni eneo la Wahafidhina hasa. Mpaka 2015, madiwani wa Kijani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2019 wakapata 12, Wahafidhina wakashuka hadi 16 na kupoteza wingi, ingawa waliendelea kuongoza halmashauri iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu. Miaka minne baadaye, Kijani wakabeba.

Hawakubebwa na wimbi la kitaifa tu. Wimbi la kitaifa peke yake lingewabeba Brighton pia. Diwani mmoja wa Mid Suffolk anawakilisha watu kama 3,000 hivi. Idadi hiyo mtu anaweza kuimaliza kwa miguu, mlango kwa mlango, akarudi mwakani, na mwaka unaofuata. Mambo yenyewe ni ya kawaida: taka kuzolewa, vibali vya ujenzi, nyumba za kupanga. Barabara, shule na huduma za wazee ziko chini ya kaunti, ngazi iliyo juu ya wilaya. Lakini mtu akikuona unashughulikia ombi lake la kibali, siku ya kura haulizi sana rangi ya chama chako.

Kuna jambo jingine linalosaidia, nalo sisi Watanzania tungelitazama kwa makini. Kwetu diwani anachaguliwa siku moja na mbunge na rais, na mara nyingi anaingia kwa mgongo wa chama. Kule kura ya diwani mara nyingi ina siku yake. Unaingia ukumbi wa kijiji, unapewa karatasi, unaweka alama ya mkasi kwa penseli iliyofungwa kwa kamba, na kata yako ikiwa na madiwani wawili unachagua wawili, hata wa vyama tofauti. Akili yote iko kwenye kata. Mwaka 2024 ngazi hiyo ya udiwani iliwafikisha Kijani mbali: jimbo jipya la Waveney Valley, lenye sehemu ya Mid Suffolk, lilimpeleka Adrian Ramsay wa Kijani bungeni.

Sasa ngazi yenyewe inataka kuondolewa. Desemba 2024 serikali ya chama cha Leba ilitangaza mpango wa kufuta halmashauri za wilaya kwenye maeneo yenye kaunti na wilaya, na kuunda mamlaka kubwa zenye watu kama nusu milioni. Mid Suffolk ina laki moja na kidogo. Hoja ya kubana matumizi naielewa: wilaya hii ilishaanza kutumia watumishi wa pamoja na wilaya jirani ya Babergh, na ofisi zake zilihamia Ipswich, nje ya mipaka yake. Hata hivyo napinga. Watumishi wanaweza kutumiwa kwa pamoja bila kumuondoa diwani. Ukishampa diwani watu mara mbili au tatu ya wale 3,000, mgombea asiye na fedha wala mashine ya chama hamalizi tena milango, na ushindi kama wa 2023 unakuwa mgumu kupatikana.

Nayasema haya pia kwa ndugu zetu wanaoishi Uingereza, ambao wengi hawajui kwamba kura hii ni yao. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, kama Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, mwenye kibali halali cha kuishi kule, anaruhusiwa kupiga kura. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza hata kugombea udiwani. Tangu 2023 unatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Tanzania au Kenya inakubaliwa. Ila jina lazima liwe kwenye daftari siku 12 za kazi kabla ya kura, na kujiandikisha ni bure, kwa intaneti, dakika chache tu.