Yale Mapovu Hayakuwa Yangu

Naandika hili nikiwa bado nanuka. Tangu Ijumaa nimeoga, nimejisugua, nimeoga tena, lakini tope la kinamasi likishakupenda limekupenda. Ningenyamaza mpaka yaishe yenyewe, ila kuna rafiki yangu mmoja, jina naliweka kapuni, ambaye ameshasambaza habari kwa namna yake. Kwa maelezo yake, mimi mtu mzima nimejamba mbele ya darasa zima la watoto mpaka maji yakachemka. Shangazi ameshanipigia simu kuniuliza tumbo linaendeleaje. Sasa tulieni niwaeleze, maana hii ni kesi ya kemia, si ya tumbo.

Mnaonifuatilia siku zote mnajua kwamba hizi safari za kuwapeleka watoto kwenye ardhioevu ndiyo raha yangu. Wanaona ndege, wanatafuta vyura, wanarudi nyumbani na kuwatoa jasho wazazi wao kuhusu mifuko ya plastiki. Na siku hiyo nilikuwa nimejiandaa, tusidanganyane. Nilibeba darubini, ndoo nyeupe ya kuangalizia wadudu wa majini, na sponji kubwa la kuogea kwa ajili ya onyesho langu: unalimwagia maji ya jagi, linayameza yote, kisha unalikamua taratibu. Mtoto anaelewa palepale kwamba mvua ikipiga, kinamasi kinanyonya maji yasivamie nyumba za watu, na kiangazi kikifika kinayaachia kidogo kidogo.

Sheria tulizisoma kabla hatujapanda daraja la mbao. Hatutoki nje ya mbao, kwa sababu hatua moja ya pembeni inaweza kutua juu ya kiota. Hatupigi kelele mnyama akitokea. Hatumgusi chura, maana chura hupumua kwa ngozi pia, na ngozi hiyohiyo hunyonya dawa ya mbu na mafuta tuliyojipaka mikononi. Hatuachi kitu tulichokuja nacho. Niliwarudishia mpaka wakaanza kuziimba. Zishikeni hizo sheria, tutakutana nazo mbele.

Somo likanoga. Nikawapa habari za mji wa Ramsar kule Iran, ambako tarehe 2 Februari 1971 ulipitishwa mkataba wa kulinda ardhioevu, ndiyo maana kila 2 Februari dunia inaadhimisha siku yake. Nikawaambia kwamba kati ya 1970 na 2015 dunia ilipoteza kama asilimia 35 ya ardhioevu yake, kwa kasi kuliko hata misitu. Kijana mmoja akauliza ni nani aliyeipoteza, na kama ameshaanza kutafutwa. Nikawaonyesha kwenye ndoo mtoto wa kereng'ende, yule asiye na mabawa bado, anayeishi majini kwa miezi, wengine hata miaka, akila viluwiluwi vya mbu, kabla ya kupanda juu ya tete na kujivua ngozi aruke.

"Sasa mbona mbu wanatuuma?" akauliza binti mwenye miwani, huku anajikuna.

Binti huyu mtamsikia tena. Alikuja na daftari la uchunguzi na penseli iliyochongwa pande zote mbili. Mtu wa kuogopwa.

Halafu, kwa kutafuta sifa, nikawapa kisa cha Denmark. Mwaka 1950 watu waliokuwa wakikata udongo wa kinamasi, ule unaochomwa badala ya kuni, waliibua maiti ya mwanamume. Uso mzima, hadi vindevu vya kidevuni vinaonekana. Wakaita polisi wakidhani kauawa juzi. Kumbe yumo humo zaidi ya miaka 2,000! Wanamwita Tollund Man. Vinamasi vya namna ile, vya nchi za baridi, vina asidi na havina oksijeni, kwa hiyo vijidudu vya kuozesha vinashindwa kazi. Watoto walibaki midomo wazi. Nikajiona nimefika.

Hapo ndipo upepo ukaja ukalichukua sponji.

Lilikuwa bado kavu, jepesi. Likavuka kamba ya daraja, likatua juu ya majani, pembeni kidogo tu. Kimya. Kisha sauti nyembamba kutoka nyuma: "Mwalimu, umetupa taka."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Ndege akilila?"

"Ulisema hatuachi kitu."

Darasa zima likanikazia macho. Rafiki yangu, ambaye alikuja eti kunisaidia kubeba ndoo, akaitua ndoo chini akatoa simu. Ningemwona wakati ule, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Nikawaambia kaeni hapohapo, mimi nina mabuti ya mpira na nina uzoefu. Nikachoma fimbo chini, ikagonga mzizi mgumu. Nikashuka.

Hapa twende polepole, maana kipande hiki amekikata kwenye video yake.

Mguu wa kushoto ukakaa juu ya mzizi, safi kabisa. Wa kulia ukatua kwenye majani ya kijani yaliyotanda vizuri, yanavutia, na chini yake hakuna kitu. Sikuanguka. Kuanguka kuna heshima yake, unaanguka unamaliza. Mimi nilishuka. Tope likafika kwenye kifundo, nikasema sawa. Likafika katikati ya muundi, nikasema sawa, ila kwa sauti nyembamba. Likafika kwenye mdomo wa buti, likasimama kidogo kama mgeni anayebisha hodi, kisha likaingia, la baridi, bila haraka, likijaza nafasi ya kila kidole. Nikavuta mguu. Tope nalo likavuta. Nikaukandamiza wa kushoto nipate nguvu, ukateleza kwenye mzizi, ukamfuata mwenzake.

Sasa niko ndani hadi magotini. Sponji liko mbele yangu, limebaki kidole kimoja nilifikie. Nikainama. Nikanyoosha mkono. Nikajitikisa kiuno kukitafuta hicho kidole kimoja.

Na hapo, ndugu zangu, mapovu yakaanza.

Blup. Moja, kubwa, nyuma yangu. Kimya. Blup, blup. Kisha msururu mzima, yakipanda moja kwa moja chini ya makalio yangu, ambayo, kwa kuwa nimeinama, yanatazamana na watoto. Halafu harufu. Mayai viza. Si yai moja, trei. Haikuja kwa pupa. Ilifika kwanza kwa waliokaa mbele, nikawaona kwa pembe ya jicho pua zinakunjana, ikaenda kwa wa katikati, ikamalizia kwa wa nyuma. Mwalimu wao wa darasa akageuka upande wa pili kuangalia ndege. Upande huo hakukuwa na ndege.

"Watoto," nikasema, bado nimeinama, "hii ni gesi ya kinamasi."

Hakuna aliyejibu.

"Chini ya tope hakuna oksijeni. Kwa hiyo bakteria wanaoyaozesha majani hutoa methani, ambayo haina harufu, na haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo inanuka mayai viza. Ukilikoroga tope, gesi inapanda." Nikajitikisa kuthibitisha. Ikapanda zaidi, na uthibitisho haukunisaidia chochote.

Mtoto mmoja wa mbele akanitazama kwa huruma ya kweli, ile inayouma kuliko kicheko. "Usijali, mwalimu. Hata babu yangu huwa anasema ni kiti."

Jamani. Kila neno nililolisema pale ni sayansi tupu. Ningesimama juu ya mbao nikalichokonoa tope kwa fimbo, wangeandika kwenye madaftari na kunipigia makofi. Gesi ni ileile. Kilichoniponza ni mahali makalio yalipokuwa. (Wewe unayecheka hapo, kachokonoe tope lolote lililojaa majani yaliyooza, kisha urudi uniombe radhi.)

"Haya, nivuteni basi."

Hakuna aliyesogea. Macho yakaenda kwenye ukingo wa mbao, yakarudi kwangu.

"Hatutoki nje ya mbao," akasema binti mwenye miwani.

"Hii ni dharura."

"Sheria haikusema dharura."

Na wengine wakaanza kuiimba. Rafiki yangu yeye mabega yanamtetemeka, simu ameishika kwa mikono miwili isicheze.

Yule kijana mpelelezi akanyoosha kidole. "Mwalimu, na wewe utakaa humo miaka 2,000?"

Nikamjibu kwamba hapana, kinamasi chetu si cha namna ile, hapa nitaoza vizuri tu. Nilidhani nimemtuliza. Mdogo wa nyuma akaangua kilio. Ikabidi nianze tena kufundisha kutoka topeni: kwamba tope halimmezi mtu hadi kichwani kama kwenye sinema, kwa kuwa mwili wa mtu ni mwepesi kuliko tope, kwa hiyo ukifika kama kiunoni unaelea. Hatari yake ni kunasa tu, maji yakaja yakakukuta.

"Kwa hiyo bado unaendelea hadi kiunoni," akasema binti, akaandika.

Ndipo akaja chura. Mdogo, wa kijani, akaruka kutoka kwenye tete akatua begani kwangu. Asubuhi nzima tulikuwa tumemtafuta huyuhuyu. Darasa likazizima, hata yule mdogo akameza kilio chake, kwa sababu hatupigi kelele mnyama akitokea. Nikainua mkono nimwondoe.

"Mwalimu!" Mnong'ono, lakini ule wa kukusimamisha moyo. "Mikono yako ina dawa ya mbu."

Nikaushusha mkono. Nikabaki hivyo, nimenasa, nanuka, nimebeba chura, huku watoto wanachora kwa utulivu ambao sijawahi kuupata kwa darasa lolote. Binti akanionyesha kwa kidole nigeuke kidogo, mwanga haumkai vizuri chura. Nikageuka.

Blup.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mzee anayelinda eneo lile alifika na ubao mrefu begani. Adabu haikunitoka hata pale. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umefuata nini humo?" "Sponji." Hakuuliza tena. Akaniambia niache kuvuta mguu juu, niuchezeshe taratibu maji yapenye pembeni, kisha nilale kifudifudi juu ya ubao aliousukuma. Chura akashuka zake. Nikatoka na soksi. Buti la kulia tukalinasua kwa ndoano, la kushoto likagoma. Sponji mzee alilivuta kwa fimbo ndefu, akiwa amesimama palepale kwenye mbao, hata kofia haikumkaa upande. Nayapita hayo.

Kabla sijafika bafuni video ilikuwa imeshafika kote. Rafiki yangu ameipa jina "Gesi Asilia Yagunduliwa". Maelezo yangu ya haidrojeni salfaidi ameyafuta, kaacha blup tu, na ile ya mwisho kairudiarudia.

Jumatatu darasa likaniandikia barua. Wanashukuru, wamejifunza mengi. Mwalimu wao wa sayansi amewathibitishia kwamba gesi ya kinamasi ipo na inanuka vile nilivyosema. Hata hivyo darasa lilipiga kura, na nimeshindwa. Wameambatanisha ukurasa wa daftari la binti mwenye miwani. Kuna chura, amechorwa vizuri mno, hadi vidole. Chini yake kuna mchoro mwingine: "Mnyama: Mwalimu. Idadi: 1. Makazi: tope. Tabia: hutoa mapovu akigeuka. Asisumbuliwe." Mwisho wa barua wakanikumbusha kwamba mpira hauozi, buti langu ni taka, nikalitoe.

Nilishaazima ndoano. Jana usiku mzee akanipigia. Buti limesimama wima, limejaa maji hadi mdomoni, na chura ametaga ndani yake. Nikampa habari mwalimu wao awaambie, nikitegemea watafurahi tukafunga mjadala. Leo asubuhi nimeletewa uamuzi: buti lisiguswe mpaka viluwiluwi viote miguu na kuondoka vyenyewe, na mimi niwe naenda kila wiki kuvihesabu na kuleta taarifa kwa maandishi. Nimewauliza nitaendaje na buti moja. Wamesema hilo ni la kwangu.

Kwa hiyo mwenye buti la mpira la mguu wa kushoto, namba 42, la kuniazima, anitafute. La kulia ninalo.