Nodi ipewe umri, au iachwe mpaka ichoke?

Kwenye klasta ya Kubernetes (kundi la kompyuta zinazoendesha programu kwa pamoja) inayojipanua na kujipunguza yenyewe, hakuna anayebishania nodi, yaani kompyuta moja ya kundi hilo, iliyokosa kazi: inazimwa, basi. Ubishi ni juu ya ile ambayo bado ina kazi. Karpenter, zana inayowasha na kuzima nodi hizo, usipoigusa mipangilio yake, huipa nodi saa 720, yaani siku 30, kisha huanza kuiondoa.

Wanaotaka umri mfupi wana hoja nzito. Nodi iliyokaa miezi hubaki na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yenye mianya ambayo kwingine imeshazibwa, na diski yake hujaa mabaki. Tena programu isiyojua kujizima vizuri huumbuka mapema, badala ya kusubiri siku ya kupandisha toleo la klasta nzima.

Lakini chukua kazi ya kufunza modeli, ya saa 9, isiyohifadhi hatua zake. Umri wa nodi ukitimia kazi ikiwa imekwenda saa 8, podi (kifurushi kinachoendesha kazi hiyo) inapokea SIGTERM, ishara ya kuombwa ijizime, na kwa kawaida ina sekunde 30 tu kabla ya SIGKILL, ishara ya kuzimwa kwa nguvu. Saa 8 za kompyuta zimekwenda bure. Na tangu toleo la 1 la Karpenter, bajeti za usumbufu za kundi la nodi (kikomo cha nodi ngapi ziondolewe kwa wakati mmoja) hazizuii ukomo wa umri, kwa hiyo nodi zilizowashwa pamoja asubuhi moja zinaweza kuanza kuondolewa pamoja.

Wengi hukimbilia alama ya kukataza usumbufu, ambayo hubandikwa kwenye podi ili Karpenter isiiondoe. Kwa kazi moja ndefu inafaa sana. Tatizo ni pale timu inapoibandika kwenye kila podi, hata ya huduma ndogo ya wavuti inayowaka kwa sekunde chache (nayo, jamani, inalindwa na nini?). Pasipo kikomo cha muda wa kuondoka, nodi hizo zitakwama nusu njia: hazipokei podi mpya, hazizimiki, na bili inaendelea.

Mimi naegemea umri mfupi, ila kazi ndefu zitengewe kundi lao la nodi lenye umri unaozidi muda wa kazi yenyewe, nazo zibandikwe alama hiyo. Hata hivyo alama hizo hazisaidii kitu kwenye mashine za bei ya chini (Spot) za AWS, huduma ya wingu ya Amazon, zinazoweza kunyang'anywa kwa taarifa ya dakika 2. Huko kazi ya saa 9 haina budi kuhifadhi hatua zake, tena mara kwa mara.